Mgongo Niliouficha Mbele ya Mkwe

Akheri, Jumapili mchana

Mwanangu Eliamani,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua, sina haja ya kuuliza, na ndiyo inayonifanya niandike nikiwa nimekasirika. Wewe umeshuka Maji ya Chai kutafuta viatu vya mtumba vya kupandia mlima, mama yako bado yuko kanisani kwenye kikao cha akina mama, na mimi nimekaa mezani jikoni na daftari la shule la dada yako. Nimechana kurasa za katikati. Akilalamika, mwambie nitamnunulia jingine.

Kesho asubuhi unahama. Unakwenda Levolosi, mjini, kukaa na wenzako, watu watatu chumba kimoja, na Jumatano mnapanda mlima na wageni, wewe ukiwa mpagazi. Mambo ya kufua soksi na kula kwa wakati sitayaandika. Mama yako ana orodha yake tangu Ijumaa na atakusomea yote ukiwa umeshika begi mlangoni. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni mguu wako wa kushoto.

Ndiyo, nimeuona. Alhamisi ulipokuwa unatoka bondeni na mzigo wa majani ya ng'ombe, kandambili ya kushoto ilibaki kwenye tope karibu na mfereji, na wewe ukaendelea kutembea. Hukujua. Ulikwenda hatua kumi, labda kumi na mbili, mguu mtupu juu ya kokoto, mpaka dada yako alipokuita. Ukarudi, ukaivaa huku unacheka. Nikakuuliza, "Eliamani, huo mguu una nini?" Ukanijibu, "Freshi tu, mzee." Freshi gani? Mtu mwenye mguu mzima akivuliwa kiatu na tope, anajua palepale.

Wala si hilo tu. Ukikohoa unashika ukuta. Ukisimama getini umeinamia upande mmoja kama nguzo iliyosukumwa na ng'ombe. Ukikaa kwenye kochi unakalia tako moja. Hii ni wiki ya tatu. Unadhani nikisikiliza redio macho nayo yamefumba? Nayaona yote, Eliamani, kwa sababu mimi nimeyafanya yote kabla yako, kwa utaratibu huohuo na kwa ujinga huohuo.

Unajua kwamba nilikuwa mpagazi. Unajua waliniita Winchi. Hadithi za Winchi nimekusimulia tangu ukiwa mdogo, na sasa nikiangalia naona nilizisimulia vibaya sana, maana nilikuwa nakatisha pale panapoanza kuniaibisha.

Geti la mlimani lina mizani, Jumatano utaiona. Kila mzigo unapimwa, ukizidi unapunguzwa. Mizani ile iliwekwa kwa ajili ya migongo yetu, na sisi tulikuwa tunaicheka. Tulipita kila mtu na mzigo wake halali, tena kwa adabu, shikamoo zote zimetolewa. Tukishaingia kwenye miti, mimi nabaki nyuma, nachukua mzigo wa mwenzangu naufunga juu ya wangu. Yeye anabeba chupa ya chai na makoti ya wageni. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu waseme Winchi amepita. Siku moja mgeni alinipiga picha nikiwa nimebeba mizigo miwili na mtungi wa gesi, nikajiona nimefika. Picha hiyo sijawahi hata kuiona.

Mgongo haukukatika siku moja. Hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho sikukielewa. Nilikuwa nasubiri siku ya mlio mkubwa, na kwa kuwa mlio haukuja nikaona niko salama. Miaka mingi baadaye, wakati kila kitu kimeshaharibika, ndipo daktari aliponionyesha uti wa mgongo wa plastiki uliokuwa mezani kwake, akanipa niushike. Pingili zimepangwa moja juu ya nyingine, na kati ya pingili na pingili kuna diski. Diski ina ukingo mgumu kwa nje na ute mzito ndani. Fikiria kitumbua ambacho hakijaiva katikati. Ukikibonyeza vizuri hakina shida. Ukikibonyeza upande mmoja kila siku, ukingo unaanza kuchanika taratibu, na siku moja uji wa ndani unatokea kwa nyuma. Diski za chini kabisa, pale kiunoni, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi. Mimi nilizibebesha mizigo ya watu wawili, tena nikiinama na kujigeuza kwa wakati mmoja kila nilipotua mzigo.

Na nyuma ya diski ndipo inapopita mishipa ya fahamu. Ute ukitokea hapo unaukandamiza mshipa, na mshipa huo hauishii kiunoni. Unapita kwenye tako, nyuma ya paja, pembeni mwa shavu la mguu mpaka kidole gumba. Ndiyo maana mgongo unaharibika lakini kelele unazisikia mguuni. Mmoja wa mishipa hiyo ndio unaonyanyua unyayo. Ukichoka, unyayo unaanza kuburuta, na kandambili inabaki kwenye tope. Naona sasa umeacha kucheka.

Yangu ilibaki mara tatu. Nilikwenda nikapigwa eksirei, nikaambiwa mifupa ni mizima, nikatoka pale na bahasha kubwa ya kahawia kama mtu aliyefaulu mtihani. Niliipeleka hadi kwa wapagazi wenzangu, tukaiinua juani, wote tukaangalia mifupa yangu na kusifu. Eksirei inaonyesha mifupa, Eliamani. Diski haionekani. Daktari aliniambia nirudi kama mguu utazidi kulegea. Nilisikia "mifupa ni mizima" tu, mengine yakapita. Wiki iliyofuata nilikuwa mlimani.

Sasa nafika pale ambapo huwa nakatisha.

Ulikuwa na miaka tisa. Dada yako alikuwa na siku tisa tangu azaliwe, na bibi yako, mama yake mama yako, alikuwa amekuja kumlea binti yake. Unakumbuka alivyokuwa anapika mtori asubuhi na jioni, na wewe ukimaliza sufuria. Mimi nilikuwa nimeshuka mlimani jana yake. Asubuhi ile niliinama kushusha gunia la pumba kwenye pikipiki, miguu yote miwili ikawaka moto, nikakaa chini. Nilipokaa, sikusikia kitu. Nasema kama ilivyo: makalio, katikati ya mapaja, na sehemu zote ambazo mwanaume hazitaji, zilikuwa zimekufa ganzi kama si zangu. Nikaenda chooni, nikasimama pale muda mrefu, mkojo haukutoka.

Bibi yako alinikuta natambaa kuelekea mlangoni. Unamjua, hata mchungaji anamsikiliza. Mama yako hakuweza kutoka kwa sababu ya mtoto, kwa hiyo bibi yako alisema, "Baba Eliamani, tunakwenda hospitali, mimi na wewe, sasa hivi." Tukaenda.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye akili. Sina neno baya juu yake mpaka leo. Bibi yako alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani. Sasa wewe unajua mkwe kwetu ni nani. Mkwe akija njiani unapisha. Mbele ya mama yule nilikuwa hata nikiumwa tumbo nasema sijisikii vizuri, basi. Na binti akaniuliza, "Baba, haja ndogo unapata kama kawaida?"

Nikasema, "Naam, vizuri kabisa."

Akaniuliza, "Na sehemu unazokalia, au sehemu za siri, kuna ganzi yoyote?"

Nikasema, "Hakuna, daktari."

Akaniangalia. "Una uhakika, baba?" Bibi yako, Mungu ambariki, akajua. Alisimama, akakunja kitenge chake vizuri, akasema, "Ngoja mimi nikakae pale nje mzungumze." Na mimi, Eliamani, mimi baba yako, nikasema, "Kaa tu, mama. Hakuna cha kuficha."

Nimeishi na sentensi hiyo miaka kumi na nne. Huwa nikiikumbuka natamani kujipiga kofi. Mlango ulikuwa umefunguliwa na mkwe mwenyewe, akanirahisishia kila kitu, nikaufunga kwa mkono wangu ili nionekane muungwana.

Binti alinipa dawa, akasema nikianza kupata ganzi au mkojo ukikataa nirudi saa hiyohiyo, hata usiku. Nilitikisa kichwa kana kwamba ananieleza habari za mtu mwingine. Nilirudi nyumbani nikalala siku mbili. Jirani wa mlango wa pili alikuja kunichua, akanisimamia mgongoni na miguu yake miwili, nikamshukuru. Siku ya tatu tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma, na mama yako, mzazi wa juzi, alilifunua shuka na kupiga kelele. Yeye ndiye aliyesema pale hospitali kubwa. Alisema kila kitu kwa majina yake, mbele ya watu, mtoto akiwa mgongoni. Nikapigwa kipimo kinachoonyesha diski, na jioni hiyo nikapasuliwa.

Daktari wa upasuaji alinieleza kwamba huko chini kabisa mishipa ya fahamu inaning'inia kwa pamoja kama mkia wa farasi. Mimi farasi nimemwona kwenye picha tu, kwa hiyo nilifikiria mkia wa punda. Diski yangu ilikuwa imepasuka vibaya na kuukandamiza mkia mzima, na mishipa ile ndiyo inayoendesha kibofu na choo na mambo mengine ya ndoa. Akasema haisubiri, ni jambo la saa, si la siku. "Ungekuja juzi," akasema. Nikamwambia nilikuja juzi. Hakuniuliza zaidi, na nadhani alishaona wengi wa aina yangu.

Miguu ilirudi, kama unavyoona, ingawa wa kulia ni mvivu. Kibofu hakikurudi. Tangu siku hiyo sijawahi kukojoa kama mtu. Natumia mpira wa kutolea mkojo, naupitisha mwenyewe, mara tano kwa siku, kila siku. Ule mfuko mweusi wenye zipu uliokatazwa kuugusa tangu utotoni, ukadhani una hati za shamba, ndani yake kuna mipira na sabuni. Basi, sasa unajua.

Kwa hiyo unajua pia kwa nini silali kwenye misiba, na kwa nini kwenye harusi natoka kabla ya keki. Na mahafali yako ya kidato cha nne. Uliitwa jina, ukapanda jukwaani, ukashuka na cheti, mpiga picha akasema wazazi waje, na mimi sikuwepo. Ulinitafuta kwa macho, mama yako aliniambia. Nilikuwa nyuma ya madarasa, kwenye choo ambacho hakina maji, mikono michafu, nikiwa na mpira mkononi na naogopa kuutumia, na nje nasikia wanawapigia makofi. Kwenye picha ile uko na mama yako tu. Jioni ulimwambia, nami nilikuwa chumba cha pili, "Baba anaona aibu kupiga picha na mimi." Uliniumiza sana. Lakini nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa radhi unione baba mbaya kuliko unione baba mwenye mpira. Hilo nalo ni kosa langu, na nakuomba msamaha kwa hilo.

Najua jambo kama hili kwetu baba hamwambii mwanawe. Baba anampitishia baba mdogo. Nilijaribu. Baba yako mdogo nilimpigia Ijumaa nikamweleza habari ya mguu wako, akasema niachie mimi. Jana mmekaa naye saa nzima pale kwenye migomba. Alipoingia ndani nikamuuliza, "Vipi, mmezungumza?" Akasema mmezungumza sana, ila zaidi ni mpira wa miguu. Nilitaka kumtupia kikombe. Ndiyo maana leo nimechana daftari.

Hasira yangu kubwa, ukitaka kujua, si kwako. Wewe hiyo "freshi" hukuzaliwa nayo. Siku ulipotahiriwa wazee walisema hukukunja uso hata kidogo, na mimi nilitembea Akheri nzima mwezi mzima natamba. Ulipoanguka kutoka darini ukavunjika mkono, neno la kwanza nililokuambia lilikuwa "usilie." Hata sikukuuliza wapi panauma. Nimekufundisha mwenyewe, miaka yote hii, na umefaulu vizuri sana, na sasa nakaa hapa nakasirika kwa sababu mwanafunzi wangu amefaulu.

Usinielewe vibaya, maana najua utamwambia mama yako kwamba mzee anataka nikae kitandani. Maumivu ya mgongo peke yake hayanitishi. Mama yako kila msimu wa kulima anashika kiuno wiki mbili tatu. Hakupigwa picha yoyote, aliambiwa atembee, asijilaze, na yakaisha. Wengi ndivyo walivyo, na daktari mwenyewe aliniambia mara nyingi hata hawajui ni kipi hasa kinachouma. Bibi yako sasa hivi akitembea kutoka kanisani miguu inajaa uzito, anasimama, anainama juu ya ua wa watu kana kwamba anachungulia kuku wao, dakika mbili anaendelea. Kwake njia ya mishipa imekuwa nyembamba kwa uzee, akiinama inapanuka kidogo. Ameambiwa, ameelewa, anaishi nayo, na majirani wameshazoea kuchunguliwa kuku. Migongo inatofautiana. Kinachonitisha ni mguu unaolegea na mtu anayesema freshi, kwa sababu mwisho wa hayo mawili ninaujua.

Sikukatazi mlima. Una miaka ishirini na mitatu, na hata ningekukataza ungekwenda. Mlima wenyewe ni mzuri, na nikisema sijaukumbuka nitakuwa nadanganya.

Lakini kesho, kabla hujanywa chai, nataka ufanye kitu. Vua viatu. Simama kwa visigino, vidole juu, utembee hivyo kutoka mlangoni mpaka zizini. Nitakuwa nimekaa nje, na sitasema neno. Ukifika na nyayo zote mbili ziko juu, utapanda pikipiki yako na mimi nitakubebea begi mpaka barabarani, na ninachokuomba ni kwamba siku mguu au ganzi au choo kikibadilika, utamwambia mtu saa hiyohiyo, hata kama ni yule kiongozi wenu unayemwogopa, hata kama ni mgeni.

Unyayo wa kushoto ukianguka, huendi Levolosi kesho. Utakwenda hospitali, na mimi nitakwenda na wewe. Najua wewe utaanza na "mgongo kidogo, daktari," kwa hiyo nitatangulia mimi. Nitasema pale mapokezi, kwa sauti, foleni yote ikisikia na hata kama mchungaji yuko nyuma yetu, kwamba mimi ni baba yako, kwamba ninakojoa kwa mpira kwa sababu niliulizwa swali nikadanganya, na kwamba mguu wa mwanangu haunyanyuki. Utatamani ardhi ipasuke. Mimi pia. Halafu watakugeukia wewe, na utasema yaliyobaki kwa mdomo wako, na sitatoka pale mpaka nikusikie.

Baba yako